Bibi Mmoja wa Mkoani Geita

Nina ugonjwa wa kusoma habari kwenye simu, na ugonjwa mwingine mbaya zaidi wa kuzitolea maoni. Nafundisha fizikia na kemia katika sekondari moja ya Shinyanga mjini, na kila siku saa nne asubuhi, wenzangu wakigombea chapati kwenye ofisi ya walimu, mimi huwa nimeinamia simu nikisoma mambo ya sayansi. Nimesoma habari za roboti linalokamua ng'ombe, za saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo, za programu inayoandika insha za wanafunzi vizuri kuliko ninavyoweza kuandika mimi. Ile ya roboti nilimsimulia mama yangu nilipompigia, kwa kuwa amefuga maisha yake yote. Akauliza, "Na huyo ng'ombe ameambiwa?"

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Siku hiyohiyo niliyaandika maneno yake mtandaoni, bila kusema ni ya nani, na watu wakayapenda sana. Nadhani tabia yangu ilianzia hapo.

Kusoma peke yake kusingekuwa na neno. Shida yangu ni kwamba siwezi kumwona mtu anaongea upuuzi nikamwacha apite. Mtu akiandika kwamba minara ya simu ndiyo inayofukuza mvua Shinyanga, mimi nitamjibu kwa aya sita, na aya ya mwisho itakuwa na kejeli. Mtu akiandika kwamba kipimo cha damu kinapunguza umri, nitamuuliza yeye alipimwa mara ngapi. Walimu wenzangu walinibandika jina la Msemaji Mkuu wa Sayansi wakidhani wananitania. Mimi nililipokea kama cheo.

Mama anaishi kijijini, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Katoro. Yeye na marehemu baba walihamia huko kutoka upande wa Shinyanga wakifuata ardhi ya kulima, kabla wachimbaji wa dhahabu hawajajaa. Walihama na ng'ombe wao, na walihama na desturi ya kwao ya kupikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa na miti mikavu ya pamba, kwa sababu walikotoka kuni zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Kule walikuta miti. Baadaye dhahabu ikaonekana, wachimbaji wakakata miti yote ya karibu ili kuegemeza kuta za mashimo yao, na mama akarudi kwenye mavi ya ng'ombe kana kwamba hakuwahi kuhama. Jiko lake ni kijumba cha udongo chenye mlango mmoja na hakina dirisha. Moshi wake naujua, nimekulia humo. Daftari zangu za shule ya msingi zilikuwa zikinuka moshi huo hata mwalimu wa hesabu akawa anazishika kwa ncha za vidole.

Macho ya mama yalianza kuwa mekundu nikiwa bado shule ya msingi. Yalianza pembeni, yakaingia katikati, na mwisho sisi watoto wake tukayazoea, tukaona ndivyo macho ya mama yalivyo.

Kwa asiyezijua sehemu zetu, lazima niseme jambo ambalo huku hakuna anayehitaji kuambiwa. Bibi mwenye macho mekundu anaweza kusemwa kuwa mchawi. Na kusemwa huko si matusi tu ya kupita njiani, kumewahi kuua watu. Sisi wenye vyeti tunapenda kulizungumza jambo hili kama la watu wengine, wa vijiji vingine, wa zamani. Mimi nilikuwa hodari wa kulizungumza hivyo.

Basi siku moja, shule zimefunguliwa baada ya likizo ya katikati ya mwaka, nikakutana na habari kuhusu moshi wa jikoni na macho. Ilieleza vizuri, kwa lugha nyepesi, jinsi moshi wa kinyesi cha wanyama na mabaki ya mazao unavyochubua macho mwaka baada ya mwaka hadi yanabaki mekundu. Niliisoma mara tatu. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa silaha. Nikashuka chini kwenye maoni, ambako ndiko hasa huwa naelekea, na pale nikamkuta mtu, kwa Kiswahili chake nikajua ni wa kwetu, ameandika: "Hayo macho huku tunayajua, hayana dawa ya hospitali." Chini yake wengine walikuwa wameweka vicheko.

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikaingia kwenye picha zangu za likizo. Nilikuwa nimetoka kwa mama wiki mbili tu zilizopita, na siku ya kwanza nilimpiga picha akiwa jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga, amegeuka kunitazama mlangoni. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umempiga usoni sawasawa. Macho yalionekana vizuri, mekundu kabisa, na machozi yamesimama ndani yake. Mkwe wake, mke wa mdogo wangu, alikuwa pembeni akimenya ndizi. Nilimkata nikabakiza uso wa mama.

Nikaanza kuandika, "Huyu ni mama." Kidole kikasimama. Nikafikiria walimu wenzangu, na wazazi wa wanafunzi wangu, na majirani zangu wa mtaa wa Ngokolo ambao huvaa vitenge vilivyopigwa pasi na kupika kwa gesi kama mimi. Wote hao wangejua kwamba mama wa Msemaji Mkuu wa Sayansi anapikia mavi ya ng'ombe. Nikafuta. Nikaandika hivi: "Huyu ni bibi mmoja wa mkoani Geita. Amepika kwa mavi ya ng'ombe na miti ya pamba maisha yake yote. Huo ni moshi, jamani, siyo uchawi. Tusome."

Nasema kweli, lile neno "tusome" nililipenda kuliko yote.

Watu walipongeza. Mtu mmoja asiyenijua aliandika kwamba nchi inahitaji walimu wa aina yangu. Kengele ililia nikaingia darasani nikafundisha kanuni za mwangwi kwa uchangamfu ambao wanafunzi waliushangaa. Mchana nilitazama tena, jioni nikatazama tena. Hakuna hata mara moja nilipotazama ile picha yenyewe. Nilikuwa nahesabu mioyo na vidole gumba.

Siku ya nne mdogo wangu akapiga simu. Yeye anauza spea za pikipiki Katoro, na huwa hapigi saa za kazi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Umeiona picha ya mama?"

"Picha gani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Inatembea hapa Katoro kwenye magrupu. Mtu kaandika, 'Wenye watoto mjihadhari na huyu.' Hata jina la kijiji wamelitaja. Nani kampiga mama picha jikoni?"

"Sijui," nikasema.

Mimi niliyekuwa na aya sita kwa kila mtu, ndugu yangu nilimpa neno moja, na lilikuwa la uongo. Alisema atamtafuta huyo mtu. Nikamwambia amtafute.

Mtu fulani alikuwa amechukua picha akaacha maelezo, basi. Haikuhitaji hila yoyote. Ningekuwa nimeandika ni mama yangu, labda angesita, maana huku hutangazi ubaya wa mama wa mwenzio mchana kweupe huku mwenyewe akiwapo na jina lake. Lakini bibi mmoja wa mkoani Geita hana mwenyewe. Nilikimbilia simu nikafuta kila kitu nilichokuwa nimeandika. Ilinichukua mpaka usiku kuelewa nilichofanya. Nilikuwa nimefuta maneno yaliyosema ni moshi. Picha ilikuwa tayari mikononi mwa watu wengine, na sasa ilibaki bila hata neno moja la kuitetea.

Kijijini mambo yalikwenda polepole. Mama ana simu ya kitochi, isiyoonyesha picha, kwa hiyo yeye peke yake ndiye hakuwa ameiona picha yake. Alichoona ni kwamba watu wamebadilika. Ana jirani, mjane mwenzake, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akija alfajiri na kigae kuomba moto, na kuomba moto kwenyewe ilikuwa ni sababu tu ya kukaa na kuzungumza mpaka jua litoke. Jirani huyo akaacha kuja. Akawa anawasha wake kwa kiberiti. Mama alinisimulia kwenye simu kwa mshangao, akadhani kiberiti kimeshuka bei.

Kisha duara moja, yaani shimo la wachimbaji, likatitia upande wa kisima. Waliokuwa chini walitolewa wazima, ila kijana mmoja alivunjika mguu. Mashimo hutitia kila mwaka na kila mtu anajua kwa nini, maana magogo ya kuegemeza kuta huoza. Lakini safari hii kulikuwa na picha kwenye simu za watu. Asubuhi iliyofuata mama akakuta karatasi imebanwa kwenye ufa wa mlango. Hajui kusoma. Aliikunja vizuri akaiweka kwenye kibweta akimsubiri mdogo wangu, akidhani ni wito wa kikao cha pamba.

Mdogo wangu aliisoma akiwa amesimama. Hakumwambia mama imeandikwa nini. Alimwambia, "Mayu, dada amepata daktari wa macho Shinyanga, tunaondoka sasa hivi." Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Alimpakia kwenye pikipiki na furushi moja, ng'ombe akawaacha kwa mkewe, na mchana uleule mama alikuwa kwenye basi la kuja kwangu. Kwenye karatasi walikuwa wamempa siku saba awe amehama.

Nilimpokea stendi. Alishuka akiwa amechoka, amevaa viatu vyake vya kanisani, na jambo la kwanza alilosema ni kunishukuru. "Wabeja, mwanangu. Una watoto wa watu wa kufundisha, na bado umekumbuka macho yangu." Nilimwamkia kwa kupiga goti palepale kwenye vumbi, watu wakipita, na aliona ni heshima. Mimi nilikuwa nimekosa pa kuweka uso.

Alikaa kwangu miezi mitatu. Daktari alimpa dawa ya matone akasema kubwa zaidi ni kukaa mbali na moshi, na kwa kuwa Ngokolo hapakuwa na moshi, macho yakaanza kurudi. Wekundu ulipungua kila wiki. Nilikuwa nikiyatazama kila asubuhi anapotoka kunawa, na badala ya kufurahi nilikuwa nazidi kuumia, kwa sababu kadiri yalivyokuwa meupe ndivyo ilivyodhihirika kwamba nilichokiandika kilikuwa kweli tupu. Ukweli wenyewe haukumsaidia mtu yeyote.

Ungedhani niliacha kusoma habari. Sikuacha. Mama akiwa amekaa mkekani uani, mimi nilikuwa ndani nikisoma kuhusu setilaiti zinazopima unyevu wa mashamba. Kutoa maoni ndiko nilikokuacha. Wenzangu waliuliza Msemaji Mkuu amekumbwa na nini, nikasema bando limepanda.

Alichokuwa akikifanya mama pale mkekani nilikuja kukijua baadaye. Alikuwa anatafuta kosa lake. Hakuna aliyemwambia lolote, lakini si mjinga. Alijua jirani yake amemsusia, na alijua kuondoka kwake hakukuwa kwa macho tu, maana hakuna anayekimbizwa kwa daktari bila kuaga ng'ombe. Basi alikuwa anarudi nyuma mwaka kwa mwaka, akijipekua. Siku moja, tukichambua choroko, akaniambia amelipata.

"Ni ule msiba wa mkwe wa jirani," akasema. "Nilifika siku ya pili. Siku ya kwanza nilikuwa na ndama mgonjwa. Mtu aliyeniletea unga nyumbani wakati wa msiba wa baba yenu, mimi nikamjia siku ya pili kwa sababu ya ndama."

"Mama, si hilo," nikasema.

"Wewe utajua wapi? Ndilo. Nimelipima na mengine yote, hili ndilo zito." Akapangusa mikono. "Wewe unajua kuandika. Mwandikie uniombee radhi. Mwanawe ana simu, atamsomea."

Nikaandika. Naomba mtu asiyewahi kufanya jambo la aibu asiisome sehemu hii. Nilichukua simu ileile na vidole vilevile, nikaandika kwa Kiswahili kizuri kwamba mama yangu anaomba msamaha kwa kuchelewa msibani, kwamba alikosa, kwamba moyo wake haujatulia. Mama alikuwa anasema na mimi naandika. Mahali aliposema, "Mwambie nilikuwa na kiburi," nilisimama. Akasema, "Andika." Nikaandika kwamba mama yangu alikuwa na kiburi. Nikautuma ujumbe.

Jibu halikuja siku hiyo wala ya pili. Mama alikuwa akiuliza kila mara simu ikilia. Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, nilimkuta ameanza kutafuta kosa jingine, kubwa zaidi, kwa kuwa lile la msiba inaonekana halikutosha. Nikaweka chini ndoo niliyokuwa nimeishika. Nikamwambia yote, nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Habari ya moshi, picha, maneno niliyoandika, neno nililolifuta, uongo niliomwambia mdogo wangu, karatasi ya siku saba.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Nionyeshe."

Nilikuwa nimeifuta mtandaoni lakini kwenye simu ilikuwepo. Nikampa. Aliishika mbali kidogo, akaisogeza karibu, akaitazama kwa muda mrefu kwa macho yake yaliyokuwa yamepona.

"Siku hii nilikuwa nakupikia wewe," akasema. "Ulisema mjini hupati mchembe wa viazi vitamu uliopikwa na karanga za kutwanga."

Nikalia. Yeye hakulia, wala hakunibembeleza. Alinirudishia simu, akaingia chumbani, akatoka na furushi lake. Akasema twende tukawaambie hao watu, na kwamba atakayesema ni mimi. Nilimwambia ni hatari, nikamwambia tungojee. Akaniuliza nangojea nini.

Nilipomweleza ukweli, mdogo wangu alikasirika kiasi kwamba hakuongea nami siku mbili, lakini ni yeye aliyepanga kila kitu. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaenda kwa wakubwa wa sungusungu, ambao ndio walinzi wa kijiji na ndio wanaoogopwa, akawaeleza kuna jambo la ile picha na mwenyewe anakuja kulisema. Wakakubali kuita watu Jumapili baada ya ibada, katika darasa la shule ya msingi.

Mimi nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa ukaguzi. Nilikwenda kwa mtu wa kutoa nakala pale Kambarage na ile habari ya moshi, ambayo nilikuwa nimeifupisha na kuipanga vizuri, yenye mchoro wa jicho. Nikatoa nakala za kutosha darasa zima. Nikabeba chupa tupu ya dawa ya matone kama kielelezo. Nikabeba barua ya daktari. Njia nzima kutoka Shinyanga mpaka Katoro nilikuwa na bahasha ile mapajani, nikirudia kichwani nitakayosema, na mama pembeni yangu akitazama mashamba ya pamba.

Darasa lilijaa na wengine walisimama madirishani. Jirani wa mama alikuwepo, amekaa benchi la tatu, kanga imefunika nusu ya uso. Mama alikaa mbele kabisa, karibu na ubao, shingo imenyooka. Alikuwa amewasalimu wote alipoingia, na karibu wote walimwitikia, kwa sababu huku hata anayekuogopa atakuitikia salamu.

Nilisimama. Nilisema kwamba yule kwenye picha ni mama yangu mzazi, kama wanavyojua, na kwamba aliyeipiga picha na kuitoa ni mimi. Kelele zikapanda kidogo kisha zikashuka. Nikasema niliona aibu kumwita mama yangu mbele ya watu wa mjini, nikamwita bibi mmoja. Nikawasomea ile karatasi ya siku saba, ambayo mdogo wangu alikuwa ameitunza. Kisha nikageukia moshi. Nikachora jicho ubaoni. Nikagawa karatasi. Nikawaambia wamtazame mama, miezi mitatu tu bila moshi, wayatazame macho yake. Wakatazama. Wengine walinyanyuka kwenye mabenchi ili waone vizuri. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, mkubwa wa sungusungu akasema maelezo yameeleweka, na kwamba atakayemgusa mama atakuwa amewagusa wao. Nilihisi mabega yanashuka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Naona aibu hata kuandika hili, lakini kwa dakika moja nilijisikia tena Msemaji Mkuu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Jirani wa mama akanyanyua mkono. Alisimama taratibu, akaishusha kanga, nikaona macho yake kwa karibu. Yalikuwa yameanza pembeni, kama ya mama yalivyoanza.

"Mwalimu," akasema, "ujumbe ulioniandikia nilisomewa. Nilishindwa kujibu kwa sababu mama yako hakuwahi kunikosea. Ila nina swali dogo." Alikuwa ameishika karatasi yangu kwa mikono miwili, ingawa hajui kusoma. "Wewe unasema ulijua ni moshi."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu shuleni," nikasema. "Miaka mingi."

"Na kwako mjini unapikia nini?"

"Gesi."

Akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kingine upande wa pili. "Sasa leo umemrudisha mama yako nyumbani. Umetuletea hizi karatasi. Jiko lake umeliweka wapi?"

Hakuwa ananisuta, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua ili akasaidie kubeba. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka kuangalia nje. Niliisoma ile habari mara tatu siku ya kwanza, nikaisoma tena nikiifupisha, nikaisimulia mbele ya kijiji kizima. Nilinunua tiketi mbili za basi, nikalipia nakala, nikakumbuka hata chupa tupu.

"Sikuleta," nikasema. "Sikulifikiria."

Nilisema kwa Kiswahili, na kwa kuwa wazee wa nyuma walikuwa wanaulizana nimesema nini, ilibidi nirudie kwa Kisukuma, kwa sauti, ili wote wasikie. Mama hakuwa ameinamisha kichwa tangu tulipoingia mle ndani, hata nilipokuwa nasoma maneno ya ile karatasi ya siku saba. Sasa alikiinamisha, akawa analikunjakunja pindo la kanga yake, na nikaelewa kwamba anaona aibu kwa ajili yangu.